Uzi: Hindi la madoa lililonirudisha kwenye somo la jeni (wa Nyanda za Juu Kusini tukutane hapa)

Mpukuchuaji

Kamwene wa Iringa na Njombe, mwagonile wa Rungwe na Kyela, na ninyi wa Mbeya mjini mnaosoma mkiwa kwenye foleni ya Mafiati, habari za jioni.

Jumamosi tulikuwa uani, Igawilo, tunapukuchua mahindi ya mbegu ya kienyeji tuliyoletewa na mama mkwe kutoka Mbozi. Mke wangu akanirushia hindi moja: "Mwalimu, hebu niambie, hili limeoza au limerogwa?"

Nikaliangalia. Punje nyingi nyeupe tu, kawaida. Ila kama thelathini hivi zilikuwa na madoa ya zambarau. Nyingine zimejaa vidoa vidogo vidogo, utadhani mtu kachovya mswaki kwenye wino akazinyunyizia. Nyingine zina doa moja kubwa lililofunika nusu ya punje. Nikasugua kwa kidole, halitoki. Nikabandua ngozi ya juu kwa ukucha, kumbe rangi iko chini ya ngozi, ndani ya punje yenyewe. Jirani yetu akapita, akachungulia, akatoa hukumu: "Hiyo ni GMO, mbegu ya maabara, msile."

Nafundisha baiolojia mwaka wa kumi na sita sasa, na nimeona aibu kidogo, maana jambo hili nalifundisha kwa mchoro ubaoni na sikuwahi kulishika mkononi. Hakuna maabara iliyoliingilia hindi hili. Punje ya zambarau ina jeni (agizo la urithi lililoandikwa ndani ya seli) inayotengeneza rangi. Katika punje hizi kipande cha DNA (ule uzi wenye herufi za maagizo hayo) kimejichomeka katikati ya jeni hiyo, rangi haitoki, punje ni nyeupe. Lakini kipande chenyewe hakitulii. Punje ikiwa inakua, seli zinagawanyika, katika seli moja kipande kinang'oka na kuhamia kwingine. Jeni inafufuka. Seli hiyo na watoto wake wote wanakuwa zambarau, na hao ndio doa. Kikihama mapema, seli ina muda wa kuzaa wengi, doa linakuwa kubwa. Kikichelewa, unapata kidoa cha ncha ya sindano. Yaani doa linakuambia saa.

Aliyesoma mambo haya kwenye punje ni mama mmoja wa Marekani, Barbara McClintock, miaka ya 1940. Alitumia hadubini na mahindi aliyoyapanda mwenyewe. Wenzake wengi hawakumwelewa. Nobel ikamfikia 1983 akiwa na miaka 81. Leo tunajua kwamba zaidi ya asilimia 80 ya DNA ya mahindi ni vipande vya ukoo huo wa warukaji, vingi vimeshakufa na kulala.

Nitaendelea kesho. Maswali ruksa.

Kihesa_Mjukuu

Naweka kiti siti ya mbele. Mwalimu shusha nondo.

MbishiWaMafinga

Kwa hiyo jeni inaruka kama panzi? Na hindi moja punje zinatofautianaje wakati mama yao mmoja?

Mpukuchuaji

Mama mmoja, baba wengi, mkuu. Kila unywele wa ndevu za hindi unapokea chavua yake. Upepo ukileta chavua ya shamba la jirani aliyepanda mahindi mekundu, punje ile ni mtoto wake. Hindi moja ni familia yenye baba tofauti wamekaa mistari kwa adabu.

MamaParachichi

😂😂 Mwalimu punguza, watoto wanasoma.

Mpukuchuaji

Haya, tuingie ndani. Bila kujua jeni imekaaje huwezi kuelewa kwa nini inaharibika kwa namna nyingi hivi.

Nenda Mwanjelwa kwa fundi cherehani. Ana kitambaa kirefu, amekichora kwa chaki. Siyo kitambaa chote kitakuwa shati. Anakata kipande cha mgongo, anaruka, kipande cha mkono, anaruka, kola. Anavishona vile vipande, mabaki yanaanguka chini. Jeni zetu zimekaa hivyo. Vipande vinavyoshonwa vinaitwa eksoni, vinavyoanguka vinaitwa introni. Mistari ya chaki ni herufi maalumu za DNA zinazomwambia fundi kata hapa. Halafu pembeni ya kitambaa kuna swichi ya taa ya fundi: ikiwaka anashona, ikizimwa, kitambaa kipo tu, hakishonwi.

Mwanadamu ana herufi za DNA kama bilioni 3.1 na jeni za kutengeneza protini kama 20,000. Sehemu inayoshonwa kuwa protini haifiki asilimia 2. Msiseme hiyo asilimia 98 ni takataka, swichi zimo humo, tutazikuta.

Jambo la pili: herufi zinasomwa tatu tatu. Chukua sentensi hii:

MTU AJE ALE UJI

Badili herufi moja: MTO AJE ALE UJI. Inasomeka, ila maana imepinda.
Ondoa herufi moja, ile T: MUA JEA LEU JI. Kuanzia hapo hadi mwisho ni uharibifu.
Ondoa tatu zinazokaa pamoja: MTU ALE UJI. Imepungua, lakini bado watu wanaelewana.

Kuna ugonjwa wa misuli wa watoto wa kiume unaotokana na jeni ya distrofini, jeni yenye eksoni 79. Mtoto anaweza kupoteza kipande kikubwa cha jeni hiyo akawa na ugonjwa wa wastani, akatembea hadi utu uzima. Mwingine kapoteza kipande kidogo na kufika umri wa darasa la sita hatembei. Tofauti mara nyingi ni hiyo: kilichopotea kinagawanyika kwa tatu au hakigawanyiki.

MbishiWaMafinga

Uji unanywewa, hauliwi. Mwalimu wa baiolojia umefeli Kiswahili.

Mpukuchuaji

Nitafutie neno la herufi tatu la kunywa, nitabadilisha.

MbishiWaMafinga

…endelea tu.

Dereva_wa_Coaster

Mwalimu, samahani, nilikuwa nasoma kimya. Nina jambo. Mimi nilipimwa damu nikaambiwa A. Mke wangu ni B, ipo kwenye kadi yake ya kliniki. Mtoto wetu wa pili amelazwa mwezi uliopita, wamempima ni O. Mama yangu alikuwepo. Tangu siku hiyo nyumbani hapakaliki. Mama kasema waziwazi mbele ya wifi zake kwamba "O haijawahi kutoka kwa A na B." Nimekaa Kabwe stendi usiku nafikiria mambo mabaya. Hili lipo au halipo?

Kihesa_Mjukuu

Pole kaka.

Mpukuchuaji

Ndugu yangu, lipo, na ni la kawaida kabisa. Soma taratibu.

Jeni ya kundi la damu iko kromosomu ya 9 (kromosomu ni vifurushi vya DNA ndani ya seli), na kila mtu anazo nakala mbili, moja ya baba moja ya mama. Nakala ya A inatengeneza kimeng'enya kinachopachika sukari ya aina moja juu ya seli nyekundu. Nakala ya B inapachika sukari ya aina nyingine. O ni nini? Aina ya O iliyo ya kawaida zaidi duniani ni nakala ya A iliyopoteza herufi moja. Moja tu. Umeona MUA JEA LEU JI hapo juu? Ndiyo hiyo. Kuanzia pale herufi ilipodondoka, usomaji wote umekwenda kombo, kimeng'enya hakifanyi kazi, sukari haipachikwi.

Sasa wewe kuwa A hakumaanishi nakala zako zote mbili ni A. Unaweza kuwa na A moja na O moja, kipimo kitasoma A tu, kwa sababu O haina la kuonyesha. Mkeo vilevile, B moja na O moja, anasoma B. Mkikutana, kwa kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne mtoto achukue O yako na O ya mama yake. Huyo ni O. Watoto wenu wanaweza kuwa A, B, AB na O, makundi yote manne nyumba moja.

Kundi la damu la mtoto huyo halimtuhumu mtu yeyote. Na mama mzazi umwambie kwa upole, maana huenda hiyo O yako imetoka kwake.

Dereva_wa_Coaster

Nimesoma mara tatu. Ndaga fijo mwalimu. Ngoja nirudi nyumbani.

NesiMstaafu

Mimi nimekaa wodini miaka 31, ndoa nimeona zikivunjika kwa hili hili, na mtu wa maabara kasimama pale pale hasemi neno. Mwalimu kaeleza sahihi. Niongeze moja: watu wa O wana nafuu fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo hiyo herufi iliyodondoka nayo ina faida yake.

Mpukuchuaji

Asante dada. Na aina za A na B hazikuanza na sisi. Mwaka 2012 watafiti waliolinganisha jeni hii kwa binadamu na nyani wakubwa na wadogo walikuta kwamba tofauti ya A na B tunashiriki hata na giboni wa Asia, yaani imetunzwa kwa mamilioni ya miaka, tangu kabla hatujatengana nao. Ugomvi wa mama mkwe na mke wa Coaster una asili ya mbali.

MamaParachichi

Mwalimu, mimi niko Tukuyu. Nilipanda kokwa ya Hass, nimengoja miaka saba, mti umezaa kitu cha ajabu, kirefu, ngozi laini, kijani. Nani kaniroga?

Mpukuchuaji

Hakuna. Miti yote ya Hass duniani, ya Rungwe, ya Njombe, ya Mexico, ni vikonyo (vijiti vya kubebeshea) vilivyotoka kwenye mti mmoja uliooteshwa na Rudolph Hass, California, akaupatia hataza 1935. Mti huo umechanganya damu ya parachichi za Mexico na za Guatemala, nakala zake mbili za kila jeni hazifanani. Kokwa ni mtoto, karata zimechanganywa upya. Kikonyo ni mti uleule. Nunua miche iliyobebeshwa. Na wale mnaorudia punje za mahindi chotara mwaka wa pili mkalalamika shamba limekuwa la vimo vitatu, jibu ni hilo hilo.

Kihesa_Mjukuu

Turudi kwa fundi wa Mwanjelwa. Alama ya chaki ikifutika inakuwaje?

Mpukuchuaji

Swali zuri, na jibu liko bandani kwangu linakula pumba.

Mke wangu anafuga kidimu. Mnawajua, kuku ambaye manyoya yake yamejipinda kurudi nyuma, utadhani kapigwa upepo wa Kawetere akasahaulika hivyo. Wengine wanawatafuta kwa bei kubwa kwa ajili ya waganga. Mwaka 2012 kilichomfanya kidimu awe hivyo kikajulikana. Katika jeni ya keratini, protini inayojenga unyoya, zimepotea herufi 84, na zimepotea mahali pabaya: kwenye mpaka ambapo eksoni ya 5 inaishia na introni inaanza. Mstari wa chaki umeondoka nazo. Fundi anafika, haoni alama yake, anakata kwenye alama nyingine iliyokaribia kufanana. Shati linashonwa likiwa limekosa herufi 69. Gawa kwa tatu: 23. Kwa hiyo usomaji haukuvurugika, protini imekosa viungo 23 tu, na unyoya unajengwa, ila mhimili wake haunyooki, unajikunja.

Nilimshika mmoja jana usiku nikamwangalia kwa tochi. Unyoya wa kifua ukiuvuta unanyooka, ukiuachia unarudi kama springi. Herufi 84 unazishika kwa vidole viwili.

Tahadhari kwa wafugaji: kidimu mwenye nakala moja ya jeni hiyo ndiye huyo mzuri mnayempiga picha. Ukipandisha kidimu kwa kidimu, kama robo ya vifaranga wanachukua nakala mbili, manyoya yanakatika na wanabaki karibu uchi. Kwa baridi ya Juni ya Uyole au Makete huyo hafiki mbali. Panda kidimu kwa kuku wa kawaida.

MbishiWaMafinga

Kwa hiyo mganga analipwa laki kwa herufi 84.

Mpukuchuaji

Na mteja hapewi hata risiti.

Songwe_Kimya

Mwalimu nakuomba uguse ualbino. Mimi ninao. Nimekulia huku, nimesikia kila kitu, kwamba mama alifanya hivi, kwamba sisi hatufi tunapotea. Sitaki huruma. Nataka uieleze kama ulivyoeleza kuku.

Mpukuchuaji

Asante kwa kuuliza hivyo, nitaeleza hivyohivyo.

Jeni inaitwa OCA2, kromosomu ya 15. Protini yake inasaidia seli kutengeneza melanini, rangi ya ngozi, nywele na macho. Kwetu Afrika, sababu inayoongoza ni kwamba kipande cha herufi kama 2,700 kimekatika kikaondoka na eksoni ya 7. Seli zako za rangi zipo, idadi yake ni kama zangu, zana zote zimo, zimekosa protini hiyo moja.

Kinachonishangaza kila mara: kipande hicho kimekatika mahali palepale kwa watu wa Kameruni, Tanzania, Zambia na Afrika Kusini. Mikato miwili tofauti haiwezi kulingana herufi kwa herufi. Maana yake kilikatika mara moja, kwa mtu mmoja wa zamani sana, kikasafiri na watu waliosambaa wakilima na kuhama hadi huku kwetu. Hakuna mama wa leo aliyefanya kitu.

Hesabu ndogo. Tanzania inakadiriwa mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino. Kipeuo cha pili cha 1,400 ni kama 37. Yaani katika kila nakala 37 za jeni hii, moja ndiyo yenye pengo. Kila mtu ana nakala mbili, kwa hiyo kwa makadirio ya haraka mtu 1 kati ya 19 anaibeba bila kujua, na ngozi yake nyeusi kabisa. Dereva wa Coaster akijaza gari, mmoja au wawili humo wanayo. Pengine kondakta.

Na haiko kwetu tu. Mexico kuna samaki wanaoishi mapangoni gizani, weupe, hawana macho. Mwaka 2006 ilionekana kwamba weupe wao ni OCA2 hiyohiyo. Na katika mapango mawili tofauti imeharibika mahali tofauti, pango hili limepoteza eksoni ya 24, lile ya 21. Kila pango lilifika huko kwa njia yake. Kuna nyoka wa Marekani Kaskazini wanaofugwa majumbani, aina isiyo na weusi: OCA2 tena, lakini kwake mrukaji, ndugu wa yule wa kwenye hindi langu, amejichomeka ndani ya introni. Na Wazungu wenye macho ya bluu? OCA2 yao ni nzima. Herufi moja imebadilika kwenye jeni ya jirani, HERC2, ndani ya introni, na pale ndipo ilipo swichi ya OCA2 machoni. Taa imepunguzwa mwanga. Wanaiita uzuri.

Jeni moja, visa vinne, na kila kimoja kimefika kwa mlango wake.

Songwe_Kimya

Nimeelewa. Hiyo ya macho ya bluu nitaitumia.

NesiMstaafu

Kofia pana, mikono mirefu, losheni ya jua, na kliniki ya ngozi kabla kidonda hakijawa kidonda. Nisameheni, ni mazoea.

Kihesa_Mjukuu

Mwalimu umesema swichi mara mbili sasa.

Mpukuchuaji

Maziwa basi. Mtoto yeyote anameng'enya sukari ya maziwa kwa kimeng'enya cha laktesi. Kwa mamalia karibu wote, akishaachishwa, taa inazimwa. Baadhi ya watu taa haizimwi wakikua. Kwa Wazungu chanzo kilijulikana mapema. Kwetu ikabidi mtu aje kuangalia: Sarah Tishkoff na wenzake, wakishirikiana na watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walitoa matokeo 2007. Wafugaji wa Tanzania na Kenya wana herufi yao wenyewe iliyobadilika, tofauti na ya Ulaya, iko karibu herufi 14,000 kabla ya jeni ya laktesi, ndani ya introni ya jeni nyingine. Ulaya na Afrika Mashariki, watu waliofuga ng'ombe kila mmoja kwake, wamegusa swichi ileile kwa herufi mbili tofauti.

Wewe ambaye maziwa fresh yanakuvuruga tumbo lakini mgando unaushusha kikombe kizima, jeni yako ni nzima. Ni taa tu. Mgando wadudu wake wameshakula sehemu ya ile sukari.

Na hindi, kwa kuwa tulianzia huko. Babu yake ni nyasi wa Mexico mwenye matawi mengi kama kichaka, vichwa vyake vina punje chache ngumu kama kokoto. Watu walianza kumchagua miaka 9,000 hivi iliyopita. Mojawapo ya mabadiliko yaliyomfanya asimame shina moja ni mrukaji aliyejichomeka herufi kama 60,000 mbali na jeni inayozuia matawi, akaifanya iwake zaidi. Jeni yenyewe hakuigusa. Shamba lolote la Mbozi ukisimama katikati yake, mashina yote yale yaliyonyooka, umezungukwa na kazi ya panzi mmoja.

MbishiWaMafinga

Sawa, nakubali panzi. Lakini magonjwa mengine ni laana ya ukoo, usitudanganye. Nimeona nyumba moja watoto wanakufa kwa zamu.

Mpukuchuaji

Mkuu, nimeogopa kuandika hili tangu mwanzo, lakini umeligusa.

Shemeji yangu aliolewa Kyela. Mtoto wa kwanza alianza kuumwa akiwa na miezi minane. Vidole vilivimba, mikono na miguu, analia ukimgusa. Kituo walichokuwa wakienda walimpa dawa ya malaria. Wakarudi, dawa ya malaria. Nilihesabu kadi, mara kumi na moja kwa miaka miwili. Upande wa mume wakasema kwao na mke kuna kitu, mume akaambiwa aoe mwingine. Mtoto akaja kupimwa mjini akiwa na miaka mitatu: sikoseli, seli mundu.

Nilikwenda Kyela na karatasi nikakaa na wazee chini ya mwembe. Niliwaandikia hivi: jeni ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), kromosomu ya 11, eksoni tatu tu, fupi. Katika neno la sita, herufi A imekuwa T. GAG imekuwa GTG. MTU imekuwa MTO. Kiungo kimoja kati ya 146 vya protini hiyo kimebadilika, na oksijeni ikipungua himoglobini zinashikana kama fimbo, seli inapinda mundu, inaziba mishipa midogo. Vidole vile vilikuwa vimezibwa.

Mzee mmoja akauliza swali ambalo wanafunzi wangu hawajawahi kuuliza: kama ni mbaya hivyo, kwa nini haikuisha? Nikamwonyesha ziwa na mashamba ya mpunga. Kyela iko chini, joto, mbu hawana likizo. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo haugui sikoseli, na malaria kali haimpati kirahisi. Kwa vizazi vingi watoto wa namna hiyo ndio waliopona malaria wakazaa. Bei inalipwa pale wawili wa hivyo wanapooana. Nikawaambia: baba na mama wametoa nakala moja moja, sawasawa kabisa, na kila mmoja aliipata kwa babu aliyeponea malaria kwa sababu yake. Baba mkwe akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Basi na mimi nipimwe." Alipimwa. Anayo.

Mtoto yuko darasa la tano. Anatumia haidroksiurea, dawa inayoamsha himoglobini ya utotoni, ile ya tumboni, ambayo jeni yake iko jirani kwenye kromosomu hiyohiyo na huzimwa baada ya kuzaliwa. Swichi tena. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayotoa seli za uboho wa mgonjwa na kukata mahali pamoja ndani ya introni ya jeni iitwayo BCL11A, ambayo ndiyo inayozima. Hawaigusi herufi iliyoharibika. Wanavunja swichi ya mzimaji. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, kwa hiyo mjukuu wa Kyela anaendelea na vidonge. Tanzania wanazaliwa watoto kama 11,000 wa hivi kila mwaka.

Nyumba uliyoiona ya watoto kufa kwa zamu, sijui walikuwa na nini. Lakini je, kuna aliyepimwa?

MbishiWaMafinga

Hakuna aliyepimwa.

Ni nyumba ya dada yangu.

NesiMstaafu

Pole sana baba. Watoto waliopo wapelekwe, hata wiki hii. Kipimo cha awali ni tone la damu tu. Nitakutumia ujumbe pembeni nikueleze pa kuanzia.

Kihesa_Mjukuu

Naleta kitu chepesi, uzi umekuwa mzito. Mimi natembeza wageni Ruaha. Mgeni mmoja aliniambia tembo hapati saratani, nikamwitikia tu kwa sababu ya bakshishi. Kweli?

Mpukuchuaji

Anapata, lakini kwa nadra ukilinganisha na ukubwa wake, na hicho ndicho kioja, maana mwenye seli nyingi angetarajiwa kupata zaidi. Mwanadamu ana jeni moja ya TP53, askari anayeua seli zilizoharibika DNA. Mwaka 2015 ilibainika tembo ana kama 20. Na tazama muundo: zile za ziada hazina introni zake. Yaani shati lililokwisha kushonwa limebandikwa tena kwenye kitambaa, mara nyingi. Mkia wa hadithi hiyo bado unachunguzwa, zipi kati ya hizo zinafanya kazi kweli.

Na ukiona jike asiye na pembe, usimwambie mgeni amevunjika. Gorongosa, Msumbiji, vita na ujangili vya 1977 hadi 1992 viliua wenye pembe, majike wasio nazo wakabaki na kuzaa. Utafiti wa 2021 ulielekeza kwenye jeni iliyo kromosomu ya X, na inaonekana dume akiirithi jeni hiyo hazaliwi hai. Risasi zimechagua jeni.

Kihesa_Mjukuu

Hii peke yake ni bakshishi ya mwezi mzima.

Dereva_wa_Coaster

Nimerudi wakuu. Nilimpa mama simu asome mwenyewe. Hakusema kitu. Asubuhi nimekuta ameshamwogesha mtoto, anamlisha uji.

MbishiWaMafinga

Anamnywesha.

MamaParachichi

😂😂😂 Mwalimu, zile punje za madoa nataka kumi nipande nione. Nitatuma mtu na gari la Tukuyu.

Mpukuchuaji

Niliziweka kwenye sahani dirishani zikauke, thelathini na mbili nilihesabu. Jana nimerudi shuleni nimemkuta kidimu juu ya dirisha. Zimebaki saba. Mtume leo kabla ya jioni.